Alama ya C na Ndoto ya Udaktari: Jawabu kwa Mama wa Ifo



Miongoni mwa barua zilizotufikia wiki hii imo moja kutoka Ifo, kambi kongwe kuliko zote za Dadaab, iliyofunguliwa mwaka 1991 wakati Somalia ilipokuwa inawaka moto. Aliyeiandika ni mama wa watoto sita. Mwanawe wa pili, aliyezaliwa humo humo kambini, alifanya mtihani wa KCSE mwaka 2022 akapata C. Tangu utotoni kijana huyu amesema atakuwa daktari, na aila nzima imezoea kumwita hivyo. Mjomba wake aliyeko Minneapolis yu tayari kusaidia. Sasa ametokea mtu anayejiita wakala wa vyuo, naye anadai kuwa kuna chuo cha udaktari ng'ambo kisichotazama cheti cha sekondari, ila malipo ya kwanza yatakiwa kabla ya mwezi kwisha. Mama auliza: atoe fedha hizo, au amwambie mwanawe asahau?

Jawabu letu la haraka ni kwamba fedha zisitoke, na kijana asiambiwe asahau. Jawabu refu lahitaji tuketi na kile cheti, kwa sababu mama, kwa hekima yake, ametuandikia alama zote nane: Kiingereza C+, Kiswahili D, Hisabati D+, Baiolojia B-, Kemia C-, Elimu ya Dini ya Kiislamu B, Jiografia C+ na Biashara C.

Watu wengi husoma herufi moja tu iliyoandikwa chini ya cheti. Lakini herufi hiyo ni hesabu, na hesabu hiyo ilibadilishwa. Hadi mwaka 2022, wastani wa KCSE ulichukua lazima Kiingereza, Kiswahili na Hisabati, kisha sayansi mbili, somo moja la jamii na jingine moja. Kwa utaratibu huo kijana wa Ifo ana pointi 43 kati ya 84, na hiyo ni C. Kuanzia KCSE ya 2023, zinachukuliwa Hisabati, lugha moja ile aliyoifaulu zaidi mtahiniwa, na masomo mengine matano aliyofanya vizuri. Tukizikusanya upya alama zile zile, bila kuongeza hata moja, D ya Kiswahili inatoka na C ya Biashara inaingia. Jumla inakuwa 46, na pointi 46 ndipo C+ inapoanzia.

Sisi wa Pwani hatuwezi kuufurahia kwa moyo mmoja utaratibu unaomruhusu Mkenya kukiweka Kiswahili kando. Hata hivyo, tumwonee insafu mtoto wa Ifo. Nyumbani anasema Kisomali, chuoni anasoma Kiarabu cha Qur'ani, darasani anafundishwa kwa Kiingereza, na Kiswahili hukutana nacho kwenye ubao na kwenye kizuizi cha polisi. Lugha hiyo ya nne ndiyo iliyomvuta chini.

Utaratibu mpya haurudi nyuma. Cheti cha 2022 kitabaki na C yake milele, na anayetaka kuhesabiwa upya hana budi kufanya mtihani upya. Na C+ nayo, ingawa ndicho kima cha chini cha kuingia chuo kikuu nchini Kenya, haifungui peke yake mlango wa udaktari. Katika KCSE ya 2024 watahiniwa 246,391 walipata C+ na zaidi, na waliopata A kamili walikuwa 1,693. Nafasi za udaktari katika vyuo vikuu vya umma kwa kawaida huwaendea wenye A na A-. Zaidi ya wastani, udaktari hutazama masomo manne: Baiolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na lugha moja. Baiolojia ya kijana huyu inatia moyo. Kemia yake ni dhaifu, Hisabati dhaifu zaidi, na Fizikia hakuichukua kabisa. Huo ndio ukweli, na afadhali ausikie katika jarida la aila kuliko kuusikia baada ya fedha za mjomba kuliwa.

Udhaifu huo una sababu, na kuitaja si kutafuta udhuru. Kambi tatu za kwanza za Dadaab zilipangwa kwa watu 90,000. Mwaka wa ukame wa 2011 walikuwamo zaidi ya laki nne. Wengi wa walimu wa shule za kambini ni vijana waliomaliza kidato cha nne katika madarasa yale yale, wakakabidhiwa chaki kabla ya kupata mafunzo ya ualimu. Hali ya shule za wenyeji wa kaunti nayo si nyepesi. Tarehe 13 Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Garissa, na baada ya hapo Tume ya Kuajiri Walimu ikawaondoa walimu wasio wenyeji, wengi wao wakiwa ndio wa sayansi na hisabati. Watoto waliobaki walifanya mtihani ule ule, siku ile ile, na watoto wa shule kubwa za Nairobi.

Je, arudie mtihani? Hapa twataka kwenda polepole, kwa sababu neno "kurudia" huwadanganya wengi. Ibn Sina, ambaye kitabu chake cha tiba kilisomwa Mashariki na Ulaya kwa karne nyingi, amesimulia katika habari za maisha yake kwamba alikisoma kitabu cha Aristotle cha falsafa mara 40 hata akakihifadhi, na bado hakukielewa. Siku moja sokoni muuza vitabu akamlazimisha kununua kwa bei rahisi kitabu kidogo cha al-Farabi kilichoeleza makusudi ya kile kikubwa. Akakisoma, na papo hapo fumbo likafumbuka. (Ibn Sina huyo huyo amesema kwamba tiba si miongoni mwa elimu ngumu. Kijana wetu asimuige katika hilo.) Mara arobaini za kwanza hazikumsaidia kwa kuwa hakuna kilichobadilika kati ya mara moja na nyingine. Kijana atakayerudia KCSE akiwa katika hema lile lile, na madaftari yale yale, na Kemia ile ile ya kukariri, atapata C- yake tena.

Kitu cha kubadilisha kinajulikana. Kemia ya KCSE ina karatasi tatu: mbili za maandishi zenye alama 80 kila moja, na ya tatu ya vitendo yenye alama 40. Baiolojia ni vivyo hivyo. Maana yake ni kwamba sehemu moja ya tano ya somo hupatikana kwa mikono: kupima asidi kwa kimiminika cha alkali hadi rangi igeuke, kutambua chumvi kwa mashapo yake, kusoma kipimajoto bila kukosea nukta. Mtoto ambaye amemwona tu mwalimu akifanya hayo mbele ya darasa la watu themanini huingia mtihanini akiwa ameshapoteza sehemu kubwa ya alama hizo, hata kama amekihifadhi kitabu chote. Kwa hiyo mwaka wa kurudia una maana ukiwa katika shule yenye maabara inayofanya kazi na mwalimu wa Hisabati anayekuwapo. Kwa mkimbizi hilo lahitaji kibali cha kutoka kambini, na kibali huombwa mapema pamoja na barua ya shule inayompokea, si wiki ya kufungua shule.

Muda nao unabana. Darasa la mwisho la mfumo wa 8-4-4 litafanya KCSE mwaka 2027. Anayetaka kurudia asiseme "mwakani inshallah" mara mbili.

Hata akirudia na akafanikiwa, kutoka D+ ya Hisabati hadi alama ya ushindani wa udaktari ni safari ambayo wachache huimaliza kwa mwaka mmoja. Ndiyo maana tunaona kwamba kwa kijana huyu njia iliyo bora ni ile anayoweza kuianza kwa cheti alicho nacho.

Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya, KMTC, kilichoanza mwaka 1927 na ambacho kina tawi Garissa mjini, hufundisha diploma ya uuguzi kwa wenye wastani wa C, wakiwa na C katika Baiolojia na katika lugha, na C- katika Kemia, Hisabati au Fizikia. Mama atazame tena orodha aliyotuandikia. Kiingereza C+, Baiolojia B-, Kemia C-. Kijana wake anafaa. Diploma ya utabibu wa kliniki, inayowatoa wale maafisa wa kliniki ambao katika vituo vingi vya Kaskazini Mashariki ndio daktari pekee anayeonekana, nayo huanzia wastani wa C, ila huibana zaidi Kemia na huitaka Hisabati au Fizikia. Hapo D+ yake ingemzuia. Masharti haya huchapishwa kila mwaka, na yasomwe yale ya mwaka wa kuomba. Maombi ya raia siku hizi hupitia KUCCPS. Mkimbizi aandike moja kwa moja chuoni aulize utaratibu wa wanafunzi wasio raia, na karo yake pia.

Uuguzi huchukua takriban miaka mitatu, kisha mtihani wa Baraza la Wauguzi. Baada ya hapo mtu ana leseni na mshahara, na uzoefu wa wodini ambao mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa tatu hana. Kutoka hapo kuna shahada ya uuguzi kwa wenye diploma. Na kuna vyuo vikuu, Kenya na katika nchi jirani, vinavyompokea mwenye diploma ya uuguzi au ya utabibu katika shahada ya udaktari endapo amefaulu kwa daraja la juu. Tanzania, kwa mfano, Tume ya Vyuo Vikuu hutoa kila mwaka mwongozo unaoeleza kwa kila shahada ni diploma gani inakubalika na kwa ufaulu upi. Vyuo vingine havitosheki na diploma. Huchungua tena alama za sekondari. Kwa hiyo, kabla kijana hajaanza mwaka wa kwanza wa diploma, avichague vyuo vikuu viwili au vitatu, aviulize kwa maandishi iwapo vitampokea baadaye, na ahifadhi majibu. Na akiwa chuoni ajue kwamba daraja la ufaulu wa diploma ndilo litakalokuwa cheti chake kipya. C ya 2022 itafunikwa, ikiwa itafunikwa, na daraja hilo.

Twajua litakalosemwa barazani: mwanamume awe muuguzi? Katika zama za Mtume, rehema na amani zimshukie, Rufaida al-Aslamiyya alipigiwa hema msikitini Madina akawatibu majeruhi, na Sa'd bin Mu'adh alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq alipelekwa kwake. Sahaba mkubwa kama huyo hakudharau mkono uliomfunga jeraha. Wazee wanaoona kazi hii ni duni wapite hospitali yoyote saa nane za usiku waone nani aliye macho.

Sasa tumrudie yule wakala.

Hatusemi kwamba kila chuo cha ng'ambo ni cha ulaghai. Vijana wetu wengi wamesoma Uganda na Sudan wakarudi madaktari kamili. Chuo Kikuu cha Benadir kilianzishwa Mogadishu mwaka 2002, katikati ya vita, na tarehe 3 Desemba 2009 bomu lililipuliwa katika sherehe ya mahafali ya wanafunzi wake wa udaktari kwenye hoteli ya Shamo, likaua wahitimu, wazazi, waandishi wa habari na mawaziri watatu. Watu waliolipa thamani kama hiyo kwa ajili ya elimu ya tiba hawawezi kuitwa wa mkato. Tunachosema ni kwamba chuo kinachojivunia kutotazama cheti kinamwuzia mzazi kitu ambacho hakitakubaliwa mahali pa kazi.

Nchini Kenya aliyesoma udaktari nje hawezi kuanza hata mwaka wa mazoezi hospitalini kabla hajafanya mtihani wa Baraza la Madaktari, KMPDC, na Baraza huangalia chuo alichosoma na vilevile cheti cha sekondari alichoingilia. Kwa mkimbizi jambo hili lina uzito wa ziada. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 imempa haki ya kufanya kazi na kushika taaluma, na imeweka sharti: sifa zake ziwe zimetambuliwa na mamlaka husika za Kenya. Yaani haki ambayo wazazi wa Ifo waliingojea kwa miaka thelathini imefungwa kwenye kutambuliwa kwa cheti. Aliye na shahada isiyotambuliwa atarudi kambini akiwa na miaka sita imepita, fedha za aila zimekwisha, na hata kazi ya diploma hana.

Mtihani wa wakala ni mwepesi. Mwambieni aandike jina la chuo na nchi kilipo, kisha mpelekee KMPDC swali kwa barua pepe: je, mhitimu wa chuo hiki aliyeingia kwa KCSE ya wastani wa C ataruhusiwa kufanya mtihani wenu? Wakala akisema hakuna wakati wa kungoja jibu, jibu limeshapatikana.

Mjomba wa Minneapolis, twasikia, humwambia kijana kuwa Marekani mtu hufeli akajaribu tena hata akafika. Ana haki kwa kiasi. Kule udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, na mtihani wa kuingilia, MCAT, wenye alama kuanzia 472 hadi 528, waweza kufanywa mara tatu kwa mwaka mmoja, mara nne kwa miaka miwili, na si zaidi ya mara saba maishani. Wenye shahada ya alama hafifu hurudi kusoma sayansi mwaka mmoja au miwili ili waonyeshe kuwa wamepanda. Lakini majaribio yote hubaki katika kumbukumbu, na vyuo huyaona yote. Na safari ya kufika huko haimo mikononi mwa kijana. Mwaka 2017 na tena mwanzoni mwa 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wa kuwapokea wakimbizi, na waliokuwa wamefunga mizigo wakaifungua. Asijenge juu ya mlango huo.

Fedha za mjomba, ikiwa zipo kweli, zatosha kuanzia karo ya diploma. Zaidi ya hizo kuna ufadhili wa DAFI, unaolipwa na Ujerumani kupitia UNHCR tangu 1992 kwa wakimbizi wanaosoma vyuo vikuu katika nchi zilizowapokea, na mpango wa WUSC unaowachukua wanafunzi wakimbizi hadi Kanada, ambao vijana wa Dadaab wamekuwa wakishindania kila mwaka. Yote miwili hutaka alama za juu kuliko C, hivyo ni mipango ya baadaye au ya ndugu zake wadogo. Kwa mwaka huu, kamati za zaka za misikiti yetu Mombasa, Malindi na Lamu zingeweza kumwangalia mwanafunzi mmoja wa uuguzi kutoka Garissa kabla ya kununua zulia jingine. Tumeliandika hilo tukijua litawakera baadhi ya marafiki zetu.

Mama, wiki hii fanya mambo mawili. Mwambie wakala alete jina la chuo kwa maandishi. Na mpeleke kijana Garissa mjini, kwenye tawi la KMTC, akiwa na cheti chake halisi, kitambulisho chake cha mkimbizi na nakala za vyote viwili, aulize mwenyewe kwa ulimi wake.

Kisha tumebakiwa na sentensi moja katika barua yako ambayo uliiandika kama jambo la kupita: kwamba bintiyo aliye kidato cha tatu ndiye anayemfundisha kaka yake Kemia jioni, akishamaliza kuchota maji. Hukumwuliza anataka kuwa nani, wala sisi hatukuulizwa kuhusu yeye. Yeye bado hajafanya mtihani wowote wa kurudia. Ana mwaka mmoja na zaidi kabla ya KCSE yake, nayo itahesabiwa kwa utaratibu mpya. Jioni ya leo mtu mwingine achote maji, nawe umwulize kama amewahi kushika pipeti kwa mkono wake mwenyewe. Akisema la, nenda kesho ukamwone mwalimu mkuu.